Namba Ileile, Mbona Hainikai? Kusoma Dalili za Nguo ya Dukani

Mteja akileta nguo kwa marekebisho, kabla hajaitoa kwenye mfuko ameshajisema: "Fundi, nimenenepa." Au tumbo limekuja, au hipsi hana, au anazo nyingi mno. Ukimpima, mara nyingi mwili hauna kesi. Nguo ya kiwandani hukatwa kwa mwili wa mwanamke mmoja aliyeajiriwa na kampuni kujaribishwa sampuli, halafu namba nyingine zote huzalishwa kwa hesabu: ongeza sentimita kadhaa hapa, punguza kadhaa pale. Kila kampuni ina mwanamke wake. Wa huku ana kiuno chembamba na hipsi, wa kule amenyooka kuanzia kwapa hadi paja. Wewe ukivaa nguo yao unavaa umbo lao, na namba kwenye lebo inakwambia ukubwa tu.

Ndiyo maana kupanda namba moja juu, dawa ambayo wauzaji wote hutoa, husaidia mara chache kuliko watu wanavyodhani. Kama tatizo ni umbo, namba kubwa inakupa tatizo lilelile kwa kitambaa kingi zaidi.

Kabla ya kutafuta kosa

Vaa nguo pamoja na sidiria unayovaa siku zote. Funga zipu na vifungo vyote. Simama mbele ya kioo kama unavyosimama kituoni kungoja daladala, tumbo usilivute ndani. Mtu mwingine akupige picha kwa nyuma na kwa ubavuni, kwa sababu ukijigeuza kujitazama, nguo nayo inageuka.

Kisha soma mikunjo. Mkunjo uliokazwa na kulala mlalo unasema upana hautoshi hapo hapo ulipo. Mkunjo uliokazwa na kwenda mshazari unaelekeza kidole: fuata ncha yake, utafika mahali penye mwili uliojaa kuliko nguo ilivyotarajia. Mkunjo uliolegea na kulala mlalo ni urefu uliozidi, na uliolegea na kusimama wima ni upana uliozidi. Hayo manne tu yanatosha kutambua kesi nyingi.

Unahitaji pia vipimo vitano, vilivyochukuliwa kwa futi kamba isiyochoka. Futi za kitambaa zilizotumika miaka mingi hurefuka, zikakudanganya. Pima kifua cha juu, chini ya kwapa na juu ya matiti. Pima kifua penye ncha za matiti. Pima kiuno pale mwili unapojikunja ukiinama kwa upande. Pima hipsi pale palipojaa kabisa, wala si penye mfupa wa nyonga. Mwisho pima msamba: kuanzia kiunoni mbele, kupita katikati ya miguu, hadi kiunoni nyuma. Kipimo hiki cha mwisho wengi hawajawahi kuchukuliwa maishani, na ndicho kinachoamua suruali.

Dalili: duka hili unavaa 38, duka lile 42 haipandi mapajani

Hakuna sheria inayozilazimisha kampuni za nguo zikubaliane. Marekani walijaribu. Mwaka 1939 na 1940, wizara ya kilimo ya nchi hiyo iliwapima karibu wanawake 15,000, kila mmoja vipimo 59, kazi iliyoongozwa na Ruth O'Brien na William Shelton. Vipimo vya wanawake wasio Wazungu viliachwa nje ya hesabu ya mwisho. Kutokana na kazi hiyo kikazaliwa kiwango cha mwaka 1958, kampuni zikakifuata kwa hiari, wanawake wakalalamika kwamba hakiwatoshi, na mwaka 1983 serikali ikakifuta. Tangu hapo kila kampuni inajipangia.

Zikishajipangia, zikagundua biashara nyingine: mteja akiona ameingia namba ndogo anafurahi, na akifurahi ananunua. Katika kiwango kile cha 1958, namba 8 ya Marekani ilikuwa na kiuno cha inchi 23 na nusu. Leo namba 8 hiyohiyo utaikuta na kiuno cha inchi 28 hadi 30, kutegemea kampuni. Kwa hiyo gauni la zamani la mtumba lenye namba 14 likikubana, huna haja ya kwenda kupima uzito. Jinzi nazo zina uongo wa aina hiyo. Inayosema 28 kiunoni ipime mkanda wake, aghalabu utakuta inchi 29, 30, au zaidi.

Kuna pia namba zinazofanana kwa sura tu. Mwanamke mmoja ni 8 Marekani, 12 Uingereza, 38 Ujerumani, 40 Ufaransa na 44 Italia. Mzigo wa Uturuki mwingi hutumia namba za Ulaya, na ukikuta 40 hujui mwenye kiwanda alimfuata Mfaransa au Mjerumani. Herufi S, M na L ni mbaya zaidi kwa usahihi, kwa maana M moja hubeba namba mbili kwa pamoja. Kampuni nyingine huikata M kwa kuifuata ile namba kubwa, nyingine ndogo.

Tiba hapa haihitaji fundi. Achana na namba, kariri vipimo vyako kwa sentimita, na uulize nguo ilivyopimwa.

Dalili: suruali imejaa hipsi, kiunoni inapwaya

Hii ndiyo kesi inayoleta watu wengi, na inastahili kuelezwa kwa hesabu.

Chukua jedwali la Kijerumani linalotumiwa sana na wakataji wa nguo. Namba 38 ni kifua 88, kiuno 72, hipsi 97. Tofauti ya kiuno na hipsi ni sentimita 25. Sasa njoo kwa dada mwenye kiuno 74 na hipsi 106, mwili ambao hapa kwetu hakuna anayegeuka kuutazama kwa kuushangaa. Tofauti yake ni 32. Akinunua kwa kufuata hipsi, anahitaji namba 44, na namba 44 kwenye jedwali hilo ina kiuno cha 84. Sentimita kumi zinaning'inia nyuma. Akinunua kwa kufuata kiuno, anaishia 38 au 40, ambazo hipsi zake ni 97 na 100, na suruali inagoma mapajani.

Tazama tena jedwali hilo, kuna jambo limejificha. Kutoka 38 kwenda 44, kiuno kimeongezeka sentimita 12 lakini hipsi zimeongezeka 9 tu. Tofauti ilikuwa 25, sasa ni 22. Maana yake kadiri namba inavyopanda, nguo inazidi kunyooka. Mwenye umbo la namba nane (yaani kiuno kilichoingia kati ya kifua na hipsi zilizojaa, si ile namba 8 ya lebo) anayeambiwa "chukua kubwa kidogo" anasogezwa mbali na umbo lake kwa kila namba anayopanda.

Wala si kwamba kampuni zinawakata wanawake wote wanyoofu na namba nane peke yake ndiye anayeonewa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina State walipochambua vipimo vya wanawake wa Kimarekani zaidi ya 6,000, vilivyochukuliwa kwa mashine ya kuskani mwili, walikuta asilimia 46 wana umbo la mstatili, na wenye namba nane ni asilimia 8 tu. Ilhali wabunifu wengi walikuwa wakichora wakimfikiria huyo wa namba nane, tena namba nane ya wastani, yenye ile tofauti ya sentimita 25. Nchini Kenya, Anne Mastamet-Mason alilichunguza jambo hili kwa tasnifu yake ya uzamivu ya Chuo Kikuu cha Pretoria, 2008, akaonyesha kwamba umbo lililotawala kati ya wanawake aliowapima lilikaribia mstatili, na kwamba nguo zinazoingia madukani hazikukatwa kwa ajili yao. Mimi mezani kwangu naona maumbo yote. Anayedhani mwanamke wa Kiafrika ana umbo moja hajawahi kushika futi.

Marekebisho. Kama kinachopwaya ni hadi sentimita nne au tano, fundi anafumua mkanda nyuma katikati, anakula (yaani anapunguza) mshono wa makalio kidogo kidogo akishuka, anarudisha mkanda. Ikizidi hapo, usikubali zote zichukuliwe katikati: mifuko ya nyuma itasogeleana mpaka ikaribie kugusana, na makalio yatabanwa pale yanapoanza. Igawe. Nyingine ziende kwenye mishono ya pembeni, nyingine kwenye dati mbili (mikunjo midogo inayoshonwa kubana kitambaa) chini ya mkanda. Asiyetaka gharama aingize lastiki ndani ya mkanda kwa nyuma, kazi ya muda mfupi, na chini ya blauzi hakuna anayejua.

Ukinunua upya, kagua vitu viwili. Kwanza mkanda: ulaze mezani. Ukilala umenyooka kabisa, ulikatwa kwa kiuno na hipsi zinazokaribiana. Ukijipinda, ulikatwa kwa mwili wenye mteremko. Pili, kwenye jinzi, angalia kile kipande cha nyuma kati ya mkanda na mifuko. Kikiwa na ncha inayoshuka chini sana katikati, kina uwezo wa kukumbatia mgongo, kikiwa chembamba na kimenyooka, kitaachia. Kampuni kadhaa sasa hukata jinzi za namba moja kwa tofauti mbili au tatu za kiuno na hipsi. Levi's walitoa za namna hiyo mwaka 2010 kwa jina la Curve ID, na pea nyingi zimeshafika mtumbani. Kwa mwenye tatizo hili, muda wa kuzitafuta haupotei.

Dalili: ukikaa, suruali inashuka nyuma

Ukisimama kila kitu kiko sawa, ukiinama au ukipanda bodaboda mgongo wote nje. Hapa kiuno hakina kosa, na mkanda wa ngozi hautasaidia. Msamba wa nyuma ni mfupi kwa makalio yako. Hakikisha kwa ile mistari iliyokazwa inayotoka katikati ya miguu na kupanda mshazari kuelekea hipsi, kwa mbele au kwa nyuma. Suruali nyingi za mtindo wa kukaa chini ya kiuno, zilizotamba miaka ya 2000, bado zipo kwenye marobota, na zilikatwa fupi hapa kwa makusudi.

Fundi anaweza kuachia akiba (kitambaa kilichobakizwa ndani ya mshono) ya mshono wa ndani ya paja, upande wa nyuma, au kuchimba kidogo mkunjo wa msamba ili mstari urefuke. Atapata sentimita mbili, labda tatu. Ukihitaji tano, nunua suruali nyingine, yenye msamba uliopima sawa na wako. Unaweza kuupima msamba wa suruali dukani bila kuivaa, kwa kuikunja katikati na kufuata mshono.

Kinyume chake ni mwenye makalio bapa: kitambaa kinajikusanya chini ya makalio, mikunjo imelegea, suruali inaonekana imemchoka mwenyewe. Huyu ana bahati kwa fundi. Kupunguza ni rahisi daima kuliko kuongeza. Mshono wa nyuma wa ndani ya paja unaliwa, na kama bado kuna ziada inainuliwa juu kwenye mkanda.

Dalili: shati linaachama kifuani, mabega yanaanguka

Dalili hizi mbili zikitokea kwa pamoja humchanganya mtu: inakuwaje nguo ikawa ndogo na kubwa kwa wakati mmoja?

Nguo nyingi za kike huchorwa kwa matiti ya kikombe B, yaani kifua kamili (penye ncha za matiti) kimezidi kifua cha juu kwa sentimita tano hivi. Wewe kifua cha juu una 88, kifua kamili 98. Muuzaji anakupima 98, anakupa shati la 98. Lakini shati hilo lilichorwa likimtarajia mwanamke ambaye mifupa yake ya juu ni 93, mwenye mabega mapana kuliko yako, shingo pana kuliko yako, na matundu ya mikono yaliyoshuka kuliko yako. Mbele linakaribia kutosha, kwingine kote linaelea.

Kwa fulana na vitambaa vinavyovutika, fuata kifua cha juu, chukua namba ndogo, kitambaa kitajitanua chenyewe. Kwa vitambaa visivyovutika, fuata kifua kamili, kisha peleka mabega na ubavu kwa fundi. Ujue mapema kwamba kazi ya bega ni ghali na ngumu, kwa kuwa mkono mzima unafumuliwa. Dawa bora zaidi ni mtindo wenyewe. Tafuta shati lenye mishono miwili inayoshuka kuanzia begani au kwapani kupitia kifuani, kwa kuwa kila mshono ni mahali ambapo fundi anaweza kuachia au kula. Shati lisilo na mshono wowote mbele wala dati halina la kukusaidia. Na kama tatizo ni ule uwazi kati ya vifungo tu, kifungo cha kubana kilichoshonwa kwa ndani, katikati ya vifungo viwili, kinamaliza.

Shati likibana kifuani na hakuna akiba, lipo jambo jingine ambalo mafundi wa zamani walilijua vizuri: kipande cha kitambaa kinachofanana kuingizwa ubavuni, kuanzia kwapani hadi kwenye pindo. Kitambaa hicho hupatikana kwa kukata mikono mirefu kuwa mifupi.

Mwenye matiti madogo ana shida ya upande wa pili, dati zinasimama tupu. Zinafumuliwa, zinapigwa pasi, zinashonwa fupi na nyembamba. Nusu saa.

Dalili: gauni linapanda nyuma, mbele linaburuza

Itazame ile picha yako ya ubavuni. Pindo la gauni lilikatwa sawasawa na sakafu kwa mwanamke wa sampuli, ambaye makalio yake hayakuhitaji kitambaa kingi. Yako yanakopa urefu kutoka kwenye pindo la nyuma. Namba kubwa haitoi urefu huo, inatoa upana. Kwa sketi na gauni la kawaida, fundi anapima pindo upya kutoka sakafuni huku umevaa, anaachia nyuma na kukata mbele.

Dalili inayofanana lakini chanzo tofauti: mkunjo uliolegea, mlalo, juu tu ya makalio, kana kwamba gauni limekaa juu ya rafu. Huo ni mgongo uliopinda ndani kiunoni, kitu cha kawaida sana kwetu. Urefu wa nyuma kati ya shingo na kiuno umezidi. Gauni likiwa na mshono wa kiuno, unafumuliwa nyuma na kula sentimita moja na nusu au mbili katikati, ikipungua hadi sifuri pembeni. Lisipokuwa na mshono wa kiuno na lina zipu ndefu nyuma, kazi ni kubwa. Wengine hufunga mkanda juu yake na maisha yanaendelea. Wapo waliokata tamaa kabisa wakahamia kwenye dera, vazi ambalo halikumpima mtu kwa hiyo halimkosei mtu.

Dalili: kiuno cha gauni kimekaa mbavuni, au kimeshukia kwenye hipsi

Urefu. Kampuni nyingi za Ulaya na Marekani hukata kwa mwanamke wa sentimita 165 hadi 168. Kwa mfupi, kiuno cha gauni kinashuka, na goti la suruali linamfika kwenye ugoko, ndiyo maana suruali iliyopanuka chini ikifupishwa kwa kukata pindo tu hupoteza umbo lake. Mwambie fundi apunguze juu ya goti au akutafutie iliyonyooka. Kwa mrefu, gauni lenye kiuno kilichokatwa ni kamari, gauni lisilo na mshono wa kiuno ni salama.

Dalili: mkono unabana juu, nguo iliyobaki inakaa vizuri

Kama mshono wa kwapa una akiba, unaachiwa. Kama hauna, kipande chembamba chini ya mkono.

Dalili: namba kubwa, mabega ya mtu mwingine

Wanaovaa 48 na kuendelea wanaijua hii: gauni limefika tumboni vizuri lakini shingo inateleza mpaka begani na mikono inafunika vidole. Kampuni imechukua mchoro wa namba 38 na kuupanua kwa kila upande. Mwili hauongezeki hivyo. Mtu akinenepa, mifupa ya bega haisogei, na shingo hairefuki. Kinachoongezeka ni tumbo, mikono ya juu, matiti, mgongo. Kampuni makini huwa na mwanamke wa pili wa sampuli kwa namba kubwa na mchoro wake kamili, na tofauti inaonekana mara moja kwenye bega. Ukiipata kampuni ya namna hiyo, nunua rangi mbili.

Dalili: kampuni ileile, namba ileile, pea mbili hazilingani

Hapa umbo lako halihusiki. Agizo moja linaweza kugawanywa kwa viwanda vya nchi tofauti. Baadhi ya jinzi zinazouzwa Marekani zimeshonwa Kenya, kwa AGOA, mpango wa Marekani ulioanza mwaka 2000 wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, huku nyingine za chapa hiyohiyo zikitoka Bangladesh au Mexico. Vitambaa hupangwa tabaka nyingi na kukatwa kwa pamoja, na kisu kikipotoka kidogo, vipande vya juu na vya chini havilingani. Mkataba kwa kawaida huruhusu kosa dogo. Kisha kitambaa: kikiwa na asilimia moja au mbili za uzi unaovutika kitakusamehe, kikiwa pamba tupu hakitakusamehe. Kwa hiyo jaribu pea yenyewe unayolipia, usijaribu ya bluu ukabeba nyeusi.

Ikiwa nguo ilikukaa dukani na imeharibika baada ya kufuliwa, ni kitambaa kilichorudi. Pamba na viskosi hurudi. Fundi hana la kufanya hapo ila kuachia pindo.

Lebo zinazosema zaidi ya namba

Mzigo wa China, ule unaojaa Kariakoo na Eastleigh, mara nyingine huwa na lebo kama 165/88A. Watu huikata na kuitupa, kumbe ni lebo yenye maelezo mengi kuliko ya Mzungu. 165 ni urefu wa mvaaji, 88 ni kifua chake, na herufi inaeleza kifua kimezidi kiuno kwa kiasi gani: Y ni sentimita 19 hadi 24, A ni 14 hadi 18, B ni 9 hadi 13, C ni 4 hadi 8. Mwenye tumbo atafute B au C hata kama kifua ni kilekile. Mwenye kiuno kilichoingia atafute Y. Hipsi, lebo hiyo haizitaji kabisa, nadhani unaelewa sasa kwa nini suruali za mzigo huo zinatugomea.

Wajapani ndio waliozikumbuka hipsi. Ukikuta mtumbani lebo ya 9AR, 9 ni ukubwa, A ni hipsi za kawaida kwa Mjapani, R ni urefu wa sentimita 158. Ikiwa AB, hipsi zimeongezwa sentimita 4. Ikiwa B peke yake, zimeongezwa 8. Y zimepunguzwa 4. Herufi ya mwisho ikiwa P ni kwa mtu wa 150, ikiwa T ni wa 166. Za Korea zina 44, 55, 66, 77. Hizo usizichukulie kuwa sentimita wala inchi za kiuno au kifua. Baadhi ya lebo za Ulaya zina mchoro wa mtu na sentimita pembeni yake. Ukiuona, soma huo, namba iache.

Ukiagiza bila kuona

Kwa wanaoagiza mtandaoni au kupitia mawakala, jedwali la vipimo la muuzaji linaweza kuwa la mwili au la nguo. Uliza. Nguo isiyovutika inahitaji nafasi ya kupumua, angalau sentimita tano kifuani na hipsini na mbili na nusu kiunoni. Ukiambiwa gauni lina kifua 96 na wewe una 96, utalifunga, ila hutainua mkono.

Njia ya uhakika zaidi ni nguo unayoipenda uliyonayo tayari. Ilaze mezani, pima kwapa hadi kwapa, kiuno, hipsi, na bega hadi bega. Zidisha mbili kila kipimo isipokuwa bega. Mtumie muuzaji vipimo hivyo, umwombe apime ya kwake vilevile. Anayekataa kupima anakuuzia bahati.

Yale ambayo fundi hayawezi

Mabega ya koti lenye pedi. Msamba uliopungua zaidi ya sentimita tatu. Ngozi, mahameli na vitambaa vyenye vimeta, kwa kuwa matundu ya sindano ya zamani hubaki yakionekana. Jinzi iliyochakazwa kiwandani, ukiachia mshono utatokea mstari mweusi wa rangi ambayo haikuwahi kuona jua.

Na kabla hujalipa nguo yoyote kwa nia ya kuja kuiongeza, igeuze ndani utazame mishono. Magauni ya zamani ya mtumba, hasa ya Ulaya, yana akiba ya sentimita mbili na zaidi kila upande, hayo yachukue. Ya siku hizi ovaloki imekata karibu kabisa na mshono. Hapo hakuna cha kuachia, irudishe kwenye henga.